Manesi na madaktari, wasiwasi wa korona uliwaisha kweli?

nesi_wa_usiku
Wakuu habari za humu. Mimi ni nesi hapa Moshi, hospitali sitaji. Wimbi lile la mwanzoni mwa 2021 nilikuwa wodi ya wanaume, zamu za usiku mfululizo maana wenzetu wawili walikuwa wanaumwa wenyewe. Kwenye faili tunaandika "changamoto ya upumuaji" basi, kila mtu anajua ni nini. Kuna mzee wa Rombo, kile kimashine cha kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu kinasoma 78, iko chini sana, nambadilishia mtungi wa oksijeni na ndo ulikuwa wa mwisho, ananiuliza taratibu, mwanangu huu utafika asubuhi? Nikamwambia utafika baba.

Kufa sikuogopa sana aisee, niliogopa kuupeleka nyumbani. Navulia nguo uani nyuma ya jiko, naloweka kwenye beseni lenye jiki, mtoto wa mwaka mmoja analia mlangoni anataka kunyonya na mimi namwambia bibi yake mama mshike usimwachie.

Sasa Januari 2025 ikatangazwa Marburg, ule ugonjwa wa virusi ndugu yake Ebola, Biharamulo, Kagera huko, mbali kabisa na sisi, usiku ule sikulala, moyo unadunda, viganja vimelowa jasho. Tangu hapo kuna siku nafika getini kazini nageuza. Mume wangu anasema nisali tu. Ndo nimeharibika au?

dokta_chuga
Pole sana dada angu. Si unakumbuka mgonjwa wa kwanza nchini Machi 2020 alipatikana huku kwetu Arusha, basi mwenye nyumba wangu Sakina alivyojua nafanya kazi wapi akaniambia nitafute kwingine, eti ana watoto. Nilikuwa nakaa kwenye gari dakika ishirini ndo niingie wodini. Nikaanza kujimezesha valiamu nipate usingizi, mwanzoni kimoja, baadae viwili havitoshi. Usije ukaiga hiyo. Mwisho nikaenda kuongea na mtaalamu, tena mji mwingine kwa aibu zangu.

mzee_wa_kijiwe
Kazi mlichagua wenyewe. Askari naye alalamike anaogopa risasi?

nesi_wa_usiku
Askari anapewa silaha mkuu. Mimi barakoa moja nimevaa siku tatu, naianika kwenye kamba na kibanio.

mzee_wa_kijiwe
Sawa hapo umenishika. Pole.

saiko_wa_mtaa
Nafanya kazi kliniki ya afya ya akili. Dada hujaharibika. Mwili wako ulijifunza kwamba wodi = hatari, sasa ukisikia habari ya mlipuko unamwaga adrenalini, ile homoni ya hofu, kama vile mtungi unaisha leo. Ila ikishapita mwezi, na unageukia getini, hiyo sio hofu ya kawaida ya kuiacha ijiishie. Inatibika, kwa kuongea na mtu aliyesomea, kukizoea kidogo kidogo kile unachokikimbia, na wengine wanapewa dawa ambazo zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, sio za kulalia kama valiamu. Na kusali sali tu, havigombani.

nesi_wa_usiku
Asanteni, mume wangu nimemsomea yote kanyamaza kimya 😅 Alhamisi niko off. Ila naogopa kitu kimoja, nikienda wataandika kwenye faili langu la kazi?

saiko_wa_mtaa
Hapana. Faili la mgonjwa ni siri, wewe si ndo unawaambiaga wagonjwa wako hivyo hivyo? Njoo asubuhi mapema, foleni ya Alhamisi ni ndefu.