Naombeni ushauri: niongeze RAM au nibadilishe diski?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Chake Chake. Kompyuta yangu ni Windows 10, RAM (memori ya kufanyia kazi) ya GB 4, diski ya zamani ile ya kuzunguka. Nikifungua Excel na Chrome pamoja inaganda, na mteja kasimama anasubiri fomu yake.

Nimebonyeza Ctrl+Shift+Esc nikaangalia Task Manager, dirisha linaloonyesha kompyuta inavyotumika: prosesa haifiki asilimia 20, memori iko 90, diski imeng'ang'ania 100 hata nisipogusa kitu. Nahisi RAM ikijaa, mzigo unahamishiwa kwenye diski. Jirani ananishauri nipige Windows upya. Mie sioni kama ndiyo dawa.

Pesa yangu inatosha kimoja tu. Nianze na RAM au SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka? Na nitaijuaje programu inayoitafuna diski?