Naomba ushauri: nibaki kwenye kundi la mashoga hapa Malindi, au sisi transi tutoke?

Binti Barani
Salaam ndugu zangu. Naishi Malindi, kazi yangu kupaka maharusi hina na piko. Nilizaliwa nikaitwa mvulana lakini mimi ni mwanamke, na wateja wangu wengi wananijua hivyo tu.

Niko kwenye kundi la kusaidiana la LGBTQ hapa mjini. Wengi ni mashoga, wasagaji wachache, na transi tuko watatu. Nilipofukuzwa chumba, hao ndio walionichangia kodi na kunibebea godoro usiku. Sitasahau.

Lakini kwenye fomu za kliniki wananiandika mwanamume anayefanya ngono na wanaume. Mkutanoni naitwa "kaka". Ombi la fedha kwa mfadhili limeandikwa "mashoga na transi", ukisoma shughuli zenyewe ni kondomu, vilainishi na vipimo vyao. Nilipouliza kuhusu homoni walicheka. Nikilalamika naambiwa sote kitu kimoja, polisi hawabagui. Wenzangu wawili wanataka tuanzishe letu. Nifanyeje?

Mzee wa Shela
Mwanangu, mimi ni shoga na nina umri wa kukuzaa. Usitoke. Malindi ni mji mdogo, kundi la watu watatu litapata wapi wakili siku mmoja akikamatwa? Ila hicho kicheko kimeniuma. Mtu anakuja kwenu kwa sababu kwao hasikilizwi, nanyi mnamcheka?

Somo Langoni
Dada, mimi niko Lamu. Kwa nini usiwaambie watu wewe ni huntha, uliyezaliwa na maumbile yenye utata wa kike na kiume? Huku kwetu huntha anajulikana hata kwenye fikhi, mashekhe wanamzungumzia bila matusi. Utapumzika.

Binti Barani
Ahsante somo, najua unanitakia heri. Lakini mwili wangu hauna utata huo, na siwezi kuanza maisha ya ukweli kwa uongo. Huntha wana haki yao waliyoipigania, mpaka sensa ya 2019 ikawahesabu, watu 1,524. Sitaki kujificha nyuma yao.

Msomaji Usiku
Hili lako lina historia ndefu. Ghasia za Stonewall, New York, mashoga na transi walipopambana na polisi waliovamia baa yao, zilitokea Juni 1969. Sylvia Rivera na Marsha P. Johnson, ambao leo tungewaita transi, walikuwa mstari wa mbele wa harakati zile, na mwaka uliofuata wakaanzisha kundi la STAR kuwapa hifadhi vijana waliolala barabarani. Mwaka 1973, kwenye sherehe ya kukumbuka Stonewall, Sylvia alipanda jukwaani kuwasemea wenzao waliokuwa jela, na waliomzomea walikuwa mashoga na wasagaji wenyewe. Kisha 2007, mswada wa kulinda wafanyakazi kule Marekani ulifika Bunge la Wawakilishi ukiwa umeondolewa transi ili upite. Ukapita, ukafia Seneti. Transi waliachwa nje, na hao waliobaki ndani nao hawakupata kitu.

Kwa hiyo anayekwambia "sote kitu kimoja", muulize: kwenye bajeti je?

Karani Mstaafu
Niongeze la hapa Kenya, maana watu wanachanganya. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho Mahakama Kuu ilikiacha kisimame Mei 2019, kinaadhibu tendo, yaani ngono "kinyume cha maumbile", mpaka miaka 14 jela. Kuwa transi hakumo. Ndiyo maana wapo transi waliochagua njia yao mahakamani. Audrey Mbugua alishinda kesi 2014, baraza la mitihani likaamriwa kubadilisha jina kwenye cheti chake. Mwaka huohuo shirika la transi likapata amri ya kusajiliwa. Shirika la mashoga na wasagaji lilihangaika mahakamani toka 2013 hadi Februari 2023, Mahakama ya Juu ilipolikubalia. Kutoka kuna faida, sikatai.

Na jina unaweza kulibadilisha kwa hati ya kiapo cha jina inayosajiliwa na kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Alama ya jinsia kwenye kitambulisho ndiyo vita.

Nesi Pwani
Homoni tafadhali usijitibu. Nawaona wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango viwili vitatu kwa siku. Estrojeni inaweza kugandisha damu, na ukivuta sigara ndiyo kabisa. Tafuta daktari akupime kwanza. Na hilo la fomu si dogo: ukiandikwa mwanamume, hakuna atakayejua transi wanaokuja ni wangapi, wala dawa zenu hazitaagizwa.

Transi wa Lamu
Sisi tulitoka. Tulikuwa na hasira na tulikuwa na haki. Baada ya muda mikutano ikawa ni kwenye baraza ya nyumba ya mmoja wetu, jirani wakaanza maswali, tukaacha. Dada, daini kwanza mkiwa ndani. Mkikataliwa, tokeni na majina ya mashoga wawili watatu walio upande wenu.

Binti Barani
Nimewasoma wote, nimezungumza na wenzangu. Jumamosi tunapeleka mambo matatu kwa maandishi: fomu iwe na nafasi ya transi, mmoja wetu aingie kamati, na kwenye ombi la mfadhili kuwe na fungu letu la daktari. Hilo la "kaka" nitalisema kwa mdomo wangu.

Mzee wa Shela
Nitakuja. Naomba nizungumze kabla yako, mwenyekiti nilimfundisha kazi mimi.