Lenzi ya Sigma au Tamron SI FEKI! Acheni kuwatisha wanaoanza

Wakuu, nimechefukwa. Muuza kamera mmoja (simtaji) aliniambia huku ananitazama usoni kwamba nikifunga lenzi ya Tamron (kampuni inayounda lenzi za kamera za wengine, kama Sigma) kwenye kamera yangu ya Sony, "itaunguza bodi", yaani kamera yenyewe. Nikamwamini. Nikajinyima miezi, nikanunua lenzi ya 24-70mm f/2.8 (f/2.8 ni upana wa tundu la mwanga) ya Sony yenyewe, ile GM, daraja lao la juu, ya kwanza.

Juzi mwenzangu wa kazi kanipa Tamron yake ya 28-75mm f/2.8 niijaribu. Bibi harusi mmoja, dirisha moja, f/2.8 kwa zote mbili. Nyumbani nikakuza picha kwenye kompyuta mpaka nahesabu kope. Katikati ya picha sikuona tofauti. Kwenye kona GM imeshinda kidogo, lakini nani anamtazama bibi harusi kwenye kona?

Haya, hesabu. GM hiyo ilitoka 2016 kwa dola 2,200 hivi za Marekani. Tamron ilitoka 2018 kwa dola 799. Karibu mara tatu! GM ina gramu 886, Tamron 550, na anayebeba kamera tangu asubuhi hadi usiku anajua bega linavyolia. Unataka upana wa 24mm kamili, maana Tamron inaanzia 28mm? Sigma 24-70mm f/2.8 Art ya 2019 ilianza dola 1,099, nusu ya bei.

Halafu mnaziita feki! Tamron ipo tangu 1950, Sigma tangu 1961. Na Sony wenyewe walifungua taarifa za msingi za maunti ya E (sehemu ya kamera zao inayoshika lenzi) mwaka 2011, bila malipo, ili watengenezaji wengine waunde lenzi zake. Bodi itaunguaje? Sony sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na huyu aliyenidanganya ili auze cha bei kubwa.

Nikon je? 28-75mm f/2.8 yao ya maunti ya Z ilitangazwa kwa dola 1,200 hivi. Ina vioo 15 katika makundi 12, idadi ileile ya Tamron niliyoishika mkononi. Jaza mwenyewe imetoka wapi.

Sisemi hazina kasoro. Kwenye bodi za Sony zenye kasi kubwa, lenzi za wengine hukomea picha 15 kwa sekunde. Mpiga picha wa mpira hilo litamuuma. Wa harusi, hapana.

Kinachoniuma zaidi ni wanaoanza kuuziwa bodi bila kuambiwa habari ya maunti. Canon walileta maunti yao ya RF mwaka 2018. Mwaka 2022 Viltrox, watengenezaji wengine wa lenzi, wakaacha kuuza lenzi zao za fokasi otomatiki za RF baada ya Canon kuwataka waache, kwa sababu ya hataza. Sigma na Tamron walitangaza lenzi za RF zenye leseni 2024 tu, na hizo za kwanza zote za sensa ndogo, APS-C. Bodi unaipata kwa bei nzuri, kilio kinakuja kwenye lenzi. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, andika lenzi tatu utakazozihitaji, tafuta bei zake kwa kila maunti, ujumlishe. Ndiyo bei ya kamera yako hiyo.

Mwenye Sigma hiyo ya Art aliyeitumia kwenye vumbi zaidi ya mwaka aje aseme imekaaje. GM yangu naiuza.