Naomba ushauri: seva inawaka lakini skrini giza

Wakuu, habari za majukumu. Niko Mwanjelwa, Mbeya, nafunga seva ya shule. Madabodi ni ya mtumba, soketi mbili za prosesa, aina ya LGA 2011-3. Nimeweka prosesa moja, Intel Xeon E5-2680 v4 (v4 ni toleo la nne) kwenye soketi ya kwanza. Feni zinazunguka, taa ya BMC (chipu ya kusimamia seva ukiwa mbali) inapepesa, ila skrini giza na hakuna hata mlio. Waya zote mbili za pini 8 zimechomekwa. Nimebakiza RAM moja ya ECC (inayojirekebisha makosa), nimetoa betri ya CMOS (inayotunza mipangilio ya madabodi), nimebadilisha pawa saplai. Wapi!

Kibandiko cha BIOS (programu ya kuwashia madabodi) ni cha 2014, na v4 zilitoka 2016. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Je, BIOS ya zamani inaweza kuikataa prosesa kimya kimya hivi? Na naweza kuisasisha kupitia BMC bila kutafuta prosesa ya toleo la nyuma, v3? Wanafunzi wanaisubiri, nisaidieni.