Mjadala: Ratiba ya mradi wa umma, chama cha wafanyakazi kiitwe lini?

Hoja: Ofisi inahama kutoka rejesta za karatasi kwenda mfumo wa kompyuta. Chama kiitwe kabla tarehe hazijafungwa, au kipelekewe ratiba iliyokwisha kusainiwa?

Meneja wa mradi: Kipelekewe. Mwaka wa fedha haumngoji mtu. Ukialika chama mapema, ajenda inageuka posho na vyeo, na wiki tatu zimekwenda.

Katibu wa tawi: Ndugu Meneja, tupige hesabu. Wahudumu wa madirishani wawe 24, mafunzo siku 5. Ratiba ya mezani itaandika "mafunzo: wiki moja". Lakini madirisha hayafungwi, na wanaoweza kutoka kwa mkupuo ni 4 tu. Hayo ni makundi 6, siku 30 za kazi, na bado hujahesabu mgonjwa wala aliye likizo. Anayeijua hiyo 4 ni msimamizi wa zamu, ambaye hakuitwa. Tena, mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, ukitaka notisi kabla ya kubadili zamu, notisi inayotolewa baada ya kusaini inageuka ucheleweshaji siku zake zote.

Mpangaji ratiba: Tenganisheni meza. Posho zina meza yake ya majadiliano. Kwenye ratiba tunauliza: kazi hii siku ngapi, na nini kitaikwamisha? Ombeni makadirio matatu. Kuhamisha rejesta, tuseme mambo yakinyooka siku 10, kwa kawaida 20, yakiharibika 42. Zidisha ya kati kwa 4, jumlisha na mbili zilizobaki, gawa kwa 6: siku 22. Ni hesabu ya PERT, njia ya kukadiria muda wa kazi za mradi, iliyobuniwa 1958 kwa mradi wa makombora wa jeshi la majini la Marekani. Lakini msiikimbilie 22. Mbaneni aliyetaja 42 aseme kwa nini, na mtasikia habari za kurasa zilizolowa, jina moja lililoandikwa kwa namna mbili, namba ya jalada iliyopewa watu wawili. Hayo yasafishwe wiki ya kwanza, kabla mtu hajagusa kompyuta.

Meneja wa mradi: Hapo nakubali. Wasipoafikiana, nani anakata shauri?

Katibu wa tawi: Wewe, kwa maandishi, ukieleza sababu. Mkataba Na. 151 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1978, unahusu majadiliano ya masharti ya ajira katika utumishi wa umma. Tarehe ya kuwasha mfumo iamue wewe. Zamu na saa za ziada ni masharti ya ajira, hizo tukae tujadiliane.

Mhudumu wa dirishani: Mmeruka kipindi cha majaribio, karatasi na kompyuta zikienda pamoja. Mteja mmoja akichukua dakika 6 kwenye rejesta na 9 kwenye mfumo mpya, ni 15. Dirisha lililohudumia watu 10 kwa saa sasa linahudumia 4, na foleni inafika nje. Ratiba inayosema "majaribio: wiki 2" bila kutaja watu wa ziada, au ikayaweka mwisho wa mwezi watu wanapojaa, naikataa hata kama chama kimeisaini.