Kesi ya Muhammad Ali, 1971: mahakama ilikubaliana naye au iliona kasoro tu?

Swali

Wakuu, naomba ufafanuzi. Kila ninaposoma habari za Ali nakuta maelezo yaleyale: alikataa kwenda Vietnam, akavuliwa ubingwa, mwishowe Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema alikuwa sahihi. Ilisema hivyo kweli? Halafu, hukumu ilitoka Juni 1971. Aliwezaje kupigana na Joe Frazier Machi mwaka huohuo, kifungo cha miaka 5 kikiwa bado hakijafutwa?

Jibu

Mkuu, hapo kuna kesi mbili, ya jeshi na ya leseni ya ngumi. Nianze na ya jeshi.

Aliyetaka kuachwa nje ya jeshi kwa sababu ya imani alitakiwa kutimiza masharti matatu kwa pamoja: apinge vita vya kila aina, upinzani huo utokane na mafundisho ya dini, na awe anasema kweli toka moyoni. Jaji mstaafu wa Kentucky aliyemhoji Ali alimwona mkweli na kupendekeza akubaliwe. Wizara ya Sheria haikukubali. Iliiandikia bodi ya rufaa ya uandikishaji jeshini kwamba hakutimiza hata sharti moja, na bodi ikamkatalia bila kuandika sababu. Kosa la serikali lilianzia hapo.

Tarehe 28 Aprili 1967, Houston, aliitwa kwa jina lake la zamani, Cassius Clay, apige hatua mbele, ishara ya kukubali kuingia jeshini. Hakusogea. Mwezi Juni baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani kwa dakika 21 tu: miaka 5 jela na faini ya dola 10,000. Jela hakuingia, alikuwa nje kwa dhamana akikata rufaa, ila hakuruhusiwa kutoka nchini.

Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, serikali yenyewe ilikiri kwamba imani ya Ali ni ya dini na kwamba ni mkweli. Likabaki sharti la kupinga vita vyote. Sasa, kwa kuwa bodi haikuandika sababu, nani angejua ilimkatalia kwa sharti hilo au kwa yale mawili ambayo serikali imeyaachia? Kwa kasoro hiyo, hukumu ikafutwa kwa kura 8 kwa 0. Jaji Thurgood Marshall alijitoa kwa sababu alikuwa wakili wa serikali katika mahakama hiyo wakati kesi inaanza. Kuhusu uhalali wa vita vya Vietnam, majaji hawakusema kitu.

Jibu

Niongezee upande wa leseni, maana ndiko kwenye haki za raia hasa.

Marekani karibu kila jimbo lilikuwa na kamisheni yake ya ngumi, chombo cha kutoa leseni. New York ilimsimamisha Ali siku ileile aliyogoma, kabla hata hajashtakiwa, na mengine yakafuata. Ng'ambo nako asingeweza kwenda kupigana bila pasipoti. Kwa hiyo kuanzia Machi 1967 hadi Oktoba 1970 hakupanda ulingoni kwa pambano rasmi.

Njia ilianzia Georgia. Jimbo lile halikuwa na kamisheni, kwa hiyo kibali cha jiji la Atlanta kilitosha, na tarehe 26 Oktoba 1970 akammaliza Jerry Quarry kwa raundi 3. Wakati huo mawakili wake walikuwa wameshapekua mafaili ya kamisheni ya New York na kukuta imewapa leseni watu 244 waliowahi kutiwa hatiani, wakiwemo wauaji, wabakaji na hata watoro wa jeshi. Jaji wa shirikisho akaona ni ubaguzi wa wazi na akaamuru apewe leseni. Pambano la Frazier, New York, likapatikana kwa njia hiyo.

Ila tusimgeuze Ali kuwa mfuasi wa Martin Luther King. Nation of Islam, kikundi cha dini cha Wamarekani weusi alichokifuata, ilihubiri watu weusi wajitenge, na maandamano ya kudai kuchanganyika haikuyataka. King alimsifu kwa kugomea vita, si kwa siasa za kujitenga.

Muulizaji

Nimeelewa, asanteni. Na ile habari kwamba Nyerere alikataa kumwona?

Jibu

Ni kweli, Februari 1980. Rais Carter alimtuma Afrika kuomba nchi zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya uvamizi wa Urusi huko Afghanistan, na Dar es Salaam ndipo alipoanzia. Mwalimu hakumpokea. Ujumbe wa nchi kuletwa na bondia, hata huyo, aliuona ni dharau. Waandishi nao walimbana: mwaka 1976 nchi za Afrika ziligomea Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda Afrika Kusini ya makaburu, mbona Marekani haikuziunga mkono? Ali hakuwa na habari, na alisema huenda anatumiwa. Kenya walisusia Moscow. Tanzania ilikwenda, ikarudi na medali mbili za fedha: Filbert Bayi mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui mita 5,000.