Mrejesho: vipimo vya tezi ya shingo baada ya kuacha carbimazole

Wakuu, niliuliza dada, ambaye Graves yake (ugonjwa wa kinga unaofanya tezi ya shingo itoe homoni kupita kiasi) imetulia na ameacha carbimazole, dawa ya kupunguza homoni hizo, apime nini hapa Moshi. Asanteni sana, jibu limepatikana.

TSH (homoni ya ubongo inayoiamsha tezi) peke yake haitoshi. Aombe na FT4 na FT3 (homoni za tezi, T4 na T3, zilizo huru kwenye damu) kwa damu ileile, maana ugonjwa ukirudi T3 huweza kupanda kwanza T4 ikiwa bado sawa. Hakikisheni FT3 imeandikwa kwenye fomu kabla hajatolewa damu! Arudie kila miezi 1 hadi 3 kwa miezi 6 ya mwanzo, ikiwezekana maabara ileile, kwani viwango vya kawaida hutofautiana.

TRAb (kipimo cha kingamwili zinazoichochea tezi) si ya kila mara; ina uzito kabla ya kuacha dawa, na akishika mimba.

Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini asitishe angalau siku 2 kabla: vinaweza kushusha TSH na kupandisha FT4 kwenye karatasi tu.